Neno Lililosomwa Kaburini

Siku ambayo Mukeshimana hakurudi shuleni ilianza kama siku nyingine zote. Ildefonsa alifagia uwanja, akawapelekea mbuzi majani, akanawa uso kwa maji ya ndoo na kuvaa sare yake. Mama yake, Francisca, alimpa kiazi kitamu kilichobaki jana, akala huku akitembea. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, upande wa mto Ruvubu, na migomba ilidondosha maji kana kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku.

Alipofika kwenye mikaratusi, pale njia ya kwao inapokutana na njia ya kina Mukeshimana, alisimama. Hapo ndipo walipokutana kila asubuhi tangu darasa la kwanza. Aliyefika mapema alimsubiri mwenzake, na aliyechelewa alibeba mifuko yote miwili hadi shuleni. Hiyo ilikuwa sheria yao. Wiki nzima iliyopita Ildefonsa alipita pale peke yake na hakushangaa, kwa sababu Bibi Suzana, bibi yake Mukeshimana, alikuwa amefariki na watoto wa nyumba ile walikuwa msibani. Lakini leo walitakiwa kurudi shuleni. Baba yao mwenyewe alikuwa amewaambia walimu hivyo.

Aliyetokea njiani ni mdogo wake Mukeshimana, wa darasa la pili, akiwa peke yake.

"Dada yako yuko wapi?" Ildefonsa aliuliza.

"Haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi," alisema mtoto yule, akapita bila kusimama.

Darasani, Ildefonsa aliacha nafasi upande wa dirisha kama kawaida. Mwalimu Yuster, aliyewafundisha Kiswahili darasa la sita, aliita majina. Alipofika kwa Mukeshimana pakawa kimya, kisha sauti ya Matiasi ikatoka nyuma: "Amerudi kambini, Mwalimu." Wengine wakacheka, wakiziba midomo. Mwalimu Yuster aliinua uso na kuuliza ni kambi ipi hiyo. Matiasi alisimama, akatazama dawati lake. Mwalimu akamwambia abaki amesimama mpaka atakapoikumbuka, akaendelea kuita majina.

Wakati wa mapumziko Ildefonsa alimfuata Matiasi kwenye bomba la maji. Alikuwa amekasirika na alitaka watu wamsikie. Alimwambia kwamba mtu aliyefiwa hafanyiwi mzaha, na kwamba kama ana ujanja akamtanie mtu mzima.

Matiasi alifuta maji mdomoni kwa mkono wa shati. "Mimi nimesema nini kibaya? Tunamwita Turubai, basi. Wiki nzima alipokuja kuchota maji tulikuwa tunamuuliza kama amekuja na kadi yake ya mgao. Ni utani tu."

"Nani amewaambia mwaite watu hivyo?"

"Wewe," alisema Matiasi. Hakusema kwa ubaya, bali kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Sisi tulijua ni bibi wa Mukeshimana tu. Wewe ndiye uliyesoma mbele ya msalaba kwamba alikuwa mkimbizi."

Kengele ikagongwa. Ildefonsa alibaki bombani mpaka Matiasi alipokwisha kuondoka, akasahau kunywa maji.

Alikumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Jioni aliyofariki Bibi Suzana, katekista Thobias alifika nyumbani kwao. Katika kijiji chao mtu hazikwi kimyakimya. Kabla ya udongo kurudishwa, historia ya marehemu husomwa: alizaliwa wapi, aliishi vipi, amewaacha akina nani. Wazee huongea Kihangaza, na wengine Kirundi, lakini historia husomwa kwa Kiswahili ili mtendaji wa kijiji na wageni wa parokia kutoka Rulenge nao waelewe. Kwa kawaida aliyeandika na kusoma alikuwa Thobias mwenyewe, ila siku hizo macho yalimsumbua. Akaomba apewe Ildefonsa, aliyekuwa ameshinda mashindano ya kusoma ya kata ya Bugarama. Baba yake, Anatory, alifurahi sana. Alimtafutia kalamu nzuri na kumwambia aandike kwa utulivu, kwa sababu maneno ya siku hiyo hayarudiwi.

Nduwayo, baba yake Mukeshimana, ndiye aliyemweleza. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, akizungumza taratibu kwa lugha ya nyumbani, na Ildefonsa akageuza kwa Kiswahili. Alisema mama yake alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu. Ukaja mwaka ambao watu waliuana huko, naye akavuka mto usiku, Nduwayo akiwa mtoto wa mgongoni. Watu wa hapa wakampokea, wakampa mahali pa kulima. Akazaa watoto wengine, akamzika mume wake, akalea wajukuu. Nduwayo alitumia maneno mengi kueleza ule mwaka wa kuvuka, na mara nyingine alinyamaza katikati. Ildefonsa alitafuta namna ya kuyafupisha. Akakumbuka somo la darasani, akapata neno moja lililotosha yote. Alifurahi, kama mtu aliyejaribu funguo nyingi na hatimaye moja ikafungua. Akaliweka mwanzoni kabisa, mahali ambapo lingeonekana vizuri: Marehemu Suzana alikuwa mkimbizi.

Siku ya mazishi alisoma kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. Aliposoma neno lile, Nduwayo, aliyekuwa ameegemea sepetu, aliinamisha kichwa akatazama udongo. Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza. Ildefonsa alidhani ni kimya cha heshima. Akalisoma tena katikati, na tena mwishoni, pale alipowashukuru majirani kwa kumhifadhi mkimbizi huyu hadi mauti yake. Baadaye mtendaji wa kijiji alimpa mkono na kumsifu kwa Kiswahili chake safi. Thobias peke yake hakumsifu. Alivaa kofia yake akaenda kusaidia kurudisha udongo. Siku ile Ildefonsa hakuliona jambo hilo. Sasa aliliona.

Jioni alimkuta mama yake akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Akachukua kisu kingine, wakamenya pamoja. Mama akamwambia, bila kumtazama, kwamba shangazi yake Mukeshimana amefika kutoka Nyamahanga, kule Biharamulo. Amekuja kumalizia msiba. Siku ya kushika jembe, inayofunga msiba, ikipita, ataondoka na Mukeshimana, akasome huko huko.

"Kwa nini asisome hapa?"

"Kule hawamjui."

"Mama, hapa wanamjua tangu azaliwe."

"Ndiyo," alisema Francisca. "Sasa wanamjua kwa jina jingine."

Ildefonsa aliweka kisu chini. "Lakini ni kweli. Alikimbia vita. Baba yake alinieleza mwenyewe. Sikudanganya."

"Sijasema ulidanganya, mwanangu."

Mama aliendelea kumenya. Angegomba, Ildefonsa angepata la kujibu. Chakula kilipoiva alikula kidogo akasema ameshiba. Alipolala aliwaza mikaratusi, na jinsi atakavyopita pale kila asubuhi mpaka amalize shule, bila mtu wa kumsubiri.

Kesho yake, baada ya vipindi, alikwenda kwa Mwalimu Yuster akiwa na kamusi ya darasa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye baraza ya ofisi akisahihisha mazoezi. Ildefonsa alimwamkia, akafungua ukurasa aliokuwa ameuwekea unyasi, akamwomba asome.

"Soma wewe," alisema Mwalimu.

Ildefonsa akasoma kwamba mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya vita, njaa au mateso. Akasema hilo ndilo lililompata Bibi Suzana, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Sasa watu wanamlaumu kwa kusema jambo ambalo hata kamusi inalisema.

Mwalimu Yuster alifunika kalamu yake. "Sawa. Funga kamusi. Sasa nikikuambia neno mkimbizi, unaona nini? Usinipe maana. Niambie unachokiona."

Ildefonsa alifikiri. "Turubai."

"Na nini tena?"

"Watu wamepanga foleni wana vikombe. Mtu mwenye mzigo kichwani. Mtu ambaye..." Akasita.

"Sema."

"Mtu ambaye kesho au keshokutwa ataambiwa arudi kwao."

"Hayo yameandikwa kwenye kamusi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Lakini umeyaona. Na Matiasi ameyaona. Na watu wote waliosimama kaburini waliyaona. Bibi Suzana umewahi kumwona kwenye foleni ana kikombe?"

Ildefonsa alitikisa kichwa. Mwalimu akamwambia kwamba yeye mwenyewe si mzaliwa wa Ngara. Akisikia watu wakisema Mwalimu Yuster amehamia hapa, hujua atasalimiwa vizuri. Akisikia wakisema Mwalimu Yuster ni wa kuja, hujua hata kiberiti hatakopeshwa. Habari ni ile ile, mtu ni yule yule, wala hakuna aliyesema uongo. Maana ya neno, alisema, ni kama mtu anayebisha hodi mlangoni: unamfungulia yeye, lakini nyuma yake kuna watu aliokuja nao, nao wataingia.

"Kwa hiyo ni neno baya?"

"Si tusi. Mtu aliyevuka jana usiku, amechoka na hana pa kulala, neno hilo humsaidia. Humpatia blanketi na hifadhi. Lakini huyu bibi alikuwa na nyumba, na migomba, na kaburi la mume wake hapa hapa. Walishapewa uraia kabla wewe hujazaliwa. Ukamtoa kwenye nyumba yake siku ya kuzikwa, ukamrudisha chini ya turubai."

Ildefonsa aliinama. Machozi yakadondokea kwenye jalada la kamusi, akayafuta haraka kwa kiganja kwa kuwa kilikuwa kitabu cha shule.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Kwanza nenda kwao," alisema Mwalimu Yuster. "Mimi hukunikosea."

Hakwenda siku hiyo. Alifika mpaka kwenye mikaratusi akarudi. Siku iliyofuata alifika mpaka kwenye ua wa kina Mukeshimana, akasikia watu wakizungumza ndani ya ua, akarudi tena. Siku ya tatu baba yake alimwona akitoka, akamuuliza kama anakwenda kule ambako amekuwa akirudia njiani. Ildefonsa akakubali. Anatory akavaa viatu akamsindikiza. Njiani hakumshauri kitu.

Uani kwa Nduwayo waombolezaji wachache walikuwa bado wameketi kwenye majani makavu ya migomba. Jembe la Bibi Suzana lilikuwa limeegemezwa ukutani, chuma chake kimekwisha kwa kulima hadi kubaki kidogo kama kiganja. Katika kijiji chao nyumba iliyofiwa hailimi. Majirani wanaweza kulima kushoto na kulia, mvua zinaweza kuanza, lakini shamba la wafiwa hubaki na magugu mpaka siku ya kushika jembe. Siku hiyo majirani wote huja na majembe yao, na mjukuu mkubwa huchukua jembe la marehemu na kukata udongo wa kwanza. Mjukuu mkubwa wa nyumba ile alikuwa Mukeshimana.

Ildefonsa alipiga goti mbele ya Nduwayo. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba msamaha. Neno nililosoma..." Alikuwa amejipangia maneno mazuri njia nzima, na yote yalimtoka. "Nilimwita Bibi vibaya," alisema.

Nduwayo alimwashiria ainuke. Halafu akasema Mukeshimana yuko nyuma ya nyumba.

Alimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Yalikuwa ya rangi nyingi, mekundu, meupe, ya madoadoa, na pembeni palikuwa na kibuyu kikubwa chenye majivu. Ilikuwa kazi ya bibi yake. Alizoea kuchagua mbegu bora baada ya kila mavuno, akazichanganya na majivu zisitobolewe na wadudu, akazifunika kibuyuni mpaka msimu.

"Umekuja kuandika tena?" Mukeshimana aliuliza. Hakuinua uso.

"Hapana."

"Umeandika vizuri. Kila mtu amesema. Una mwandiko mzuri."

Ildefonsa alichuchumaa upande wa pili wa ungo. Alisema hakujua. Alisema alidhani ni neno la kitabuni tu.

"Bibi alikupikia maharage haya mara ngapi? Ulikuwa unakuja ukilia kwamba mama yako hajarudi sokoni, anakupa. Alikufundisha kuhesabu kwa hizi mbegu, mimi na wewe, hapa hapa. Hukuandika hata moja." Mukeshimana alitupa harage lililotobolewa. "Sasa mimi ni mjukuu wa mkimbizi. Nikizaa, mtoto wangu atakuwa kitukuu wa mkimbizi. Kwa hiyo linaisha lini? Niambie wewe uliyesoma. Linaisha lini?"

Ildefonsa aliuvuta ungo kidogo upande wake. Akaanza kuchambua maharage pamoja naye, na Mukeshimana hakumzuia, ila hakusema naye tena. Ungo ulipokwisha, Ildefonsa alisimama akarudi mbele.

Alimwomba Nduwayo ruhusa ya kusoma tena siku ya kushika jembe. Shangazi kutoka Nyamahanga, mwanamke mnene mwenye kitenge cheusi, akasema kwa ukali kwamba walishasomewa vya kutosha. Nduwayo alimnyamazisha dada yake kwa mkono. Akamwambia Ildefonsa kwamba mara ya kwanza yeye alitoa maneno na maneno yakafupishwa. Mara hii hatatoa neno hata moja.

"Waulize watu," alisema. "Waulize walikuwa wanamwitaje."

Ildefonsa alizunguka kijiji. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu kila nyumba aliyoingia alilazimika kusema kwanza ni kwa nini anauliza. Mzee mmoja alimwambia kwamba alimkumbuka Suzana akitwanga mtama huku akiwatania wanaume wavivu. Katekista Thobias alisema kwamba kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, upande wa ukutani, akiwaachia akina mama wenye watoto wachanga nafasi za karibu na mlango, wapate kutoka watoto wakilia. Baba yake, Anatory, alimsimulia mwaka ambao mvua ziligoma na kila nyumba ikala mbegu zake. Mvua zilipokuja, hakuna aliyekuwa na cha kupanda. Bibi Suzana hakuwa amekula mbegu zake. Alilala njaa na watoto wake, kibuyu kikiwa kimejaa, na mvua ya kwanza ilipoanguka alikwenda mlango kwa mlango na kupima kwa bakuli.

"Baba, mbona hukuniambia kabla sijaandika?" Ildefonsa aliuliza.

Anatory alikuna kidevu. "Nilikupa kalamu," alisema. "Nilidhani inatosha. Hilo ni kosa langu mimi."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kina Matiasi. Mama yake Matiasi alikuwa akianika muhogo. Aliposikia swali aliacha kazi, akasema maharage wanayokula nyumbani mwake hadi leo ni uzao wa bakuli lile la Suzana. Matiasi alikuwa mlangoni akisikia. Mama yake hakujua habari za bombani. Alisema tu, "Tulikuwa tunamwita mwenye mbegu. Sijui kama alikuwa na jina jingine." Matiasi aliingia ndani.

Kabla ya kuandika, Ildefonsa alirudi kwa Mukeshimana kumuuliza jambo moja: aache kabisa kutaja kuvuka mto?

Mukeshimana alifunika kibuyu cha mbegu. "Usifiche," alisema. "Bibi hakuficha. Alitusimulia mwenyewe. Alivuka akiwa na baba mgongoni, na mbegu amezifunga kwenye pindo la nguo. Alisema nguo nyingine zote zilibaki."

Siku ya kushika jembe ilifika. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza na udongo ulikuwa laini. Watu walikuja na majembe mabegani, wakasimama kandokando ya shamba la Bibi Suzana lililojaa magugu. Begi la Mukeshimana lilikuwa tayari limewekwa mlangoni, na bodaboda wa kuwapeleka stendi alikuwa ameahidiwa saa nane. Thobias alisali. Kisha Nduwayo akamwita binti yake achukue jembe la bibi yake.

Mukeshimana hakusogea. Alisimama karibu na shangazi yake, akitazama chini, watu wote wakimwona. Kuna aliyeguna. Nduwayo alimwita tena, kwa sauti ya chini.

Ildefonsa alitoka kwenye kundi. Alikunjua karatasi yake. Kabla ya kusoma alisema kwamba siku ya mazishi alisoma neno ambalo hakupaswa kumpa Bibi Suzana, na kwamba hakuna aliyemtuma, alilichagua mwenyewe. Halafu akasoma:

"Suzana alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu. Vita vilipokuja alivuka akiwa na mtoto mgongoni na mbegu za maharage kwenye pindo la nguo yake. Alizipanda hapa. Mwaka wa njaa hakuzila. Alizigawa kwa nyumba za kijiji hiki, na nyumba hizo zinazila na kuzipanda mpaka leo. Alitufundisha kuhesabu. Alikaa benchi la mwisho kanisani ili wengine wapate njia. Watu wa hapa walimwita mwenye mbegu. Alikuwa mama yetu, jirani yetu, na mtu wa hapa."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa haikuwa siku ya makofi. Mwanamke mmoja alianza kulia, kisha mwingine. Mama yake Matiasi alisema kwa sauti, "Ndivyo alivyokuwa." Matiasi alikuwa pembeni yake, ameshika jembe kubwa kuliko yeye. Alimtazama Mukeshimana, akalishusha jembe. Mwishowe akasema, "Dada, tulime au tuondoke? Mikono inatuuma kushika majembe bure."

Ulikuwa mzaha, lakini wa namna nyingine, na mtu au wawili wakatabasamu. Mukeshimana alikwenda ukutani. Alichukua jembe lile dogo lililolika, akaingia shambani na kukata udongo wa kwanza. Majembe yote yakafuata.

Walipopumzika, Nduwayo alimwita Ildefonsa akamketisha kando yake kwenye tuta. Aliongea Kiswahili, polepole, ili pasiwe na neno la kugeuzwa.

"Ungesema uongo juu ya mama yangu, ningekujibu pale pale. Uongo una majibu. Wewe ulisema kweli, ndiyo maana nilinyamaza. Lakini sikiliza. Mama yangu alivuka usiku mmoja. Siku nyingine zote, zaidi ya miaka hamsini, alilima hapa. Wewe ukamwita kwa jina la usiku ule mmoja. Ukitaka kumwita mtu kwa neno, usiulize tu kama ni kweli. Uliza pia, likifika masikioni mwa watu, litamweka wapi. Wewe una kipaji cha maneno. Mwenye jembe kali hutazama miguu ya walio karibu naye."

"Ndiyo, baba," alisema Ildefonsa.

"Nimekusamehe. Huyu mwenzako, sijui. Muulize mwenyewe."

Ildefonsa hakumuuliza siku hiyo. Saa nane bodaboda alikuja. Shangazi alipanda na mzigo wake, akamtazama Mukeshimana, na Mukeshimana, mwenye udongo hadi magotini, akalichukua begi lake mlangoni na kulirudisha ndani.

Ilichukua muda kabla hawajaanza kucheka pamoja kama zamani. Siku za kwanza Mukeshimana alipita kwenye mikaratusi bila kusubiri, na Ildefonsa alimfuata nyuma bila kulalamika. Asubuhi moja Ildefonsa alichelewa, akamkuta mwenzake amesimama pale, na Mukeshimana akamtwisha mifuko yote miwili.

Sasa kibuyu cha mbegu kinatunzwa na Mukeshimana. Msimu huu amezipima kwa bakuli lile lile la bibi yake, na nyumba ya kwanza kuja kuomba ilikuwa ya kina Matiasi.